Nafuu Si Kupona: Gari la Umeme na Haki ya Mja

Katikati ya muongo uliopita, takriban nusu ya magari mapya yaliyouzwa katika Umoja wa Ulaya yalikuwa ya dizeli. Mwaka 2023 magari ya umeme mtupu yaliipita dizeli kwa mara ya kwanza kwa hesabu ya mwaka mzima, na kufikia 2024 dizeli ilibakiwa na asilimia 12 hivi ya soko, huku magari mseto, yenye injini ya mafuta na mota ya umeme pamoja, yakichukua karibu asilimia 31. Norway ilikwenda mbali zaidi: mwaka huo karibu magari tisa katika kila kumi mapya yalikuwa ya umeme. Wanaoyauza na wanaoyanunua huyaita magari safi, na neno hilo linahitaji kuulizwa maswali kabla ya kupitishwa. Kwetu usafi haukuwa jambo la macho peke yake. Kanzu inaweza kuwa nyeupe pepe na bado isimstahili mwenye kuswali, kwa kuwa ni ya wizi. Basi tuulize: gari la umeme limeyaondoa madhara ya dizeli, au limeyahamisha?

Kwanza dizeli ihukumiwe kwa haki. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Mwaka 2015 ikafichuka kwamba Volkswagen ilitia programu ya udanganyifu katika magari ya dizeli yapatayo milioni 11: gari likipimwa lilijizuia, likirudi barabarani lilitoa gesi zenye sumu kupita kiwango kilichoruhusiwa. Asiyeamini takwimu na atazame ukuta wa duka lililo karibu na kituo cha mabasi, palipo na magari yanayounguruma tangu alfajiri. Rangi ya chini imekwisha kuwa masizi, na mwenye duka anavuta hewa iyo hiyo iliyoupaka ukuta wake. Mwenye uwezo wa kuiacha dizeli akaendelea nayo kwa mazoea tu ana la kujibu.

Hata hivyo, wanazuoni wa fiqhi, elimu ya sheria za Kiislamu, wametuachia kanuni inayokwenda kinyume na msemo wetu wa dawa ya moto ni moto: madhara hayaondolewi kwa madhara mfano wake. Kanuni hiyo imo katika Majalla, mkusanyiko wa sheria wa Dola ya Uthmaniya ulioandaliwa kati ya 1869 na 1876, na mizizi yake ni ya kale zaidi. Sasa tuifuate betri hadi inakotoka. Zaidi ya theluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa Lualaba na Haut-Katanga. Nyingi huchimbwa kwa mitambo ya kampuni kubwa, lakini kuzunguka mji wa Kolwezi wako pia wachimbaji wadogo wanaoshuka kwa kamba katika mashimo yasiyo na nguzo, tochi kichwani na nyundo mkononi. Juu, wengine huosha mawe na kuyajaza magunia. Gunia hufikishwa kwa mnunuzi, anayelielekezea kifaa cha kupima kiasi cha madini. Kifaa ni chake, mizani ni yake, na bei huitaja yeye. Ripoti ya Amnesty International ya mwaka 2016 ilieleza kwamba miongoni mwa waliofanya kazi hizo walikuwamo watoto. Lugha inayosikika sana mashimoni humo ni Kiswahili, kwa hiyo msomaji wa makala hii angewaelewa watu hao bila mkalimani. Nayo magari ya zamani hayafi Ulaya ikiyachoka. Umoja wa Mataifa ulihesabu magari madogo yaliyokwishatumika milioni 14 yaliyouzwa nje ya nchi kati ya 2015 na 2018, na sehemu kubwa ililetwa Afrika. Madini yanapanda meli, na moshi unashushwa bandarini.

Hapa mpinzani atasimama, na hoja yake ni nzito. Atasema kwamba kanuni hiyo inakataza madhara yaliyo sawa, ilhali Majalla hiyo hiyo inaruhusu madhara makubwa yaondolewe kwa yaliyo madogo. Mafuta nayo yana watu wake waliodhulumiwa: waulizwe Waogoni wa delta ya Niger, ambao mwandishi wao Ken Saro-Wiwa alinyongwa mwaka 1995 baada ya kupigania ardhi na mito yao iliyoharibiwa. Tena mafuta huchimbwa yachomwe, na kesho yachimbwe mengine, wakati metali ya betri hubaki ndani ya betri na inaweza kurejeshwa kiwandani. Na palipo na umeme wa mvuke wa ardhini, kama ule wa Olkaria nchini Kenya, au wa maporomoko ya maji, gari likichajiwa halirudishi moshi kwa mlango wa nyuma. Yote hayo nayakubali. Baina ya magari mawili, la umeme ndilo lenye madhara madogo, na kulichagua ni sawa.

Lakini ruhusa ya kuchagua haifuti deni. Majalla inaeleza pia kwamba dharura haibatilishi haki ya mwingine, na mfano wake ni wa jikoni kabisa: mwenye njaa kali akila mkate wa mtu halaumiwi kwa kula, ila anapaswa kuulipa. Hapo ndipo mazungumzo kuhusu magari safi yanapoteleza. Huthibitisha kwamba mkate ulihitajika, kisha huondoka mezani kana kwamba umekwishalipiwa. Imamu Nawawi, katika kitabu chake Riyadhus Swalihina kinachosomwa sana mwambao huu wa Afrika Mashariki, anafundisha kwamba toba ya dhambi iliyo baina ya mtu na Mungu ina masharti matatu: kuiacha, kuijutia na kuazimia kutoirudia. Dhambi ikigusa haki ya mja, huongezeka sharti la nne: haki irudishwe kwa mwenyewe. Wakristo wanalijua jambo hilo kupitia Zakayo mtoza ushuru, aliyeahidi kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu. Kuiacha dizeli kunatimiza sharti la kuacha. Sharti la nne lingali linamngoja mchimbaji wa Kolwezi.

Wengine watasema teknolojia itatuvusha, kwa kuwa betri za chuma na fosfeti, zisizo na kobalti hata chembe, zimekwisha kushika sehemu kubwa ya soko. Ni habari njema kwa mnunuzi, ambaye hataulizwa tena habari za Kolwezi. Kwa mchimbaji ni habari nyingine. Shimo halijafukiwa, maji aliyooshea mawe hayajasafishwa, mgongo wake haujanyooka, na hata yule mnunuzi wa magunia atakuwa hayupo. Aliyevunja mtungi wa jirani halipi kwa kuhama mtaa. Anayetamani kobalti isusiwe ili dhamiri itulie anaongeza dhuluma ya pili juu ya ya kwanza.

Imebaki hoja ya mnyonge: dereva wa bodaboda ya umeme wa Nairobi au Kigali atajuaje jiwe lililo ndani ya betri yake lilitoka shimo gani? Hawezi kujua, na hilo si deni lake. Deni hufuata faida na uwezo. Linawaelemea kwanza waundaji wa magari na betri, serikali zinazotoza ushuru wa madini, ile ya Kinshasa ikiwamo, na nchi tajiri zinazojisifu kwa hewa yao mpya. Malipo yenyewe yanaeleweka: nguzo na hewa mashimoni, mizani ambayo mchimbaji anaweza kuikagua, maji safi kwa vijiji vya machimbo, na gari bovu kubomolewa huko huko Ulaya badala ya kuletwa kwetu. Dawa ya deni kulipa, na bei ya gari ndiyo mahali pa kuanzia, kwa kuwa gari linaloitwa rahisi mara nyingi limelipiwa nusu na mtu asiyelipanda.

Kwa hiyo neno safi tuliweke akiba. Kiswahili kinalo neno linalotosha, nalo ni nafuu. Mgonjwa aliyepata nafuu huketi, hunywa uji, hupokea wageni, na nyumba nzima hushukuru. Ila wanaomuuguza wanajua bado hajapona, na hawaifichi chupa ya dawa.