HAPA HAKUNA ANAYENIJUA! JE, HUO NI UHURU?



Umeshuka kwenye basi pale Katoro. Una begi moja, simu moja, na namba ya mtu aliyeahidi kukupokea. Huyo mtu hapokei simu. Umelala gesti siku mbili, ya tatu umepata chumba cha kupanga na mlango wa bati. Umetoka Maswa, au Igunga, au Kasulu, au mbali kuliko huko. Hapa hakuna anayeujua ukoo wako. Hakuna mjomba wa kukuuliza jana ulirudi saa ngapi. Na moyoni kuna sauti inasema: "Safi sana! Hapa hakuna anayenijua. Sasa niko huru."

Karatasi hii ina swali moja tu: Mtu asiyejulikana na yeyote, ni mtu huru kweli?

Usikimbilie kujibu. Soma kwanza.

KUONDOKA NYUMBANI SI KOSA

Wapo watakaokuambia umepotea kwa sababu tu umeondoka. Usiwasikilize. Ardhi hii imekuwa ikiita watu tangu zamani. Mwaka 1940 John Williamson aligundua almasi Mwadui, karibu na Shinyanga, na watu wakaja. Mgodi wa zamani wa Geita ulichimba dhahabu tangu miaka ya 1930 hadi 1966, na watu wakaja. Bulyanhulu, wilayani Kahama, wachimbaji wadogo walijaa kwa maelfu mpaka walipoondolewa Agosti 1996. Mgodi mkubwa wa Geita ukaanza kazi mwaka 2000, wa Bulyanhulu mwaka 2001. Mwaka 2012 Geita ikawa mkoa. Kila mara watu walikuja na mabegi yao kama wewe.

Na ni haki yako. Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 17, inasema raia ana uhuru wa kwenda na kuishi popote nchini. Tena wapo waliotoka kwao kwa sababu pale nyumbani palikuwa moto: baba na fimbo, mume wasiyemchagua, majirani waliomwita mama yao mchawi. Kama umemkimbia mtu aliyetaka kukudhuru, kujificha kwake ni akili. Hapo hatubishani.

Lakini sikiliza. Kujificha kwa adui mmoja ni jambo moja. Kujificha kwa watu wote ni jambo lingine kabisa.

JINA LILIPOBAKI KWENYE BASI

Tazama inavyoanza. Hakuna anayekuuliza jina, nawe husemi. Kwenye duara wanakuita "Kigoma" kwa kuwa umetoka Kigoma, au "Dogo" kwa kuwa u mdogo. Wiki mbili, umezoea. Laini ya simu umebadilisha, maana nyumbani walikuwa wanapiga mno. Tangu mwaka 2019 laini zinasajiliwa kwa alama za vidole, kwa hiyo serikali inakijua hata kidole chako. Jirani wa chumba cha pili hajui unaitwa nani!

Halafu mambo yanaanza kidogo kidogo. Umekula kwa mama ntilie kwa mkopo, siku ya malipo ukapita njia nyingine. Kodi ya chumba imefika miezi miwili, ukahama usiku. Msichana mmoja umemwambia hili, mwingine umemwambia lile. Nawe unajiambia: "Wataniona wapi? Hapa nani ananijua?"

Hebu jiulize kwa ukweli. Jambo ambalo ungeona aibu kulifanya mbele ya mama yako, leo unalifanya bila aibu. Kilichobadilika ni nini? Jambo ni lile lile. Mkono ni ule ule. Mama tu hayupo.

Hapo ndipo linapokuja swali gumu: je, wema wako ulikuwa wako, au ulikuwa wa mama?

Wengine hukata tamaa hapo. Wanasema, "Kumbe mimi sikuwa mwema kamwe, nilikuwa naogopa macho ya watu tu. Basi nijiachie." Ngoja, usijiachie! Wewe umeshuka chini ya duara, unajua. Duara linashikiliwa na matimba. Je, umewahi kumwona mchimbaji anayeng'oa matimba akisema ardhi inayohitaji mti si ardhi halisi? Angekuwa kichaa. Ardhi ni halisi, na mti unahitajika, yote mawili. Binadamu ni hivyo hivyo. Wema ni wako, lakini macho ya wanaokujua yanausaidia usianguke. Hiyo si aibu. Ndivyo tulivyoumbwa. Aibu ni kung'oa matimba halafu kuliita shimo uhuru.

ADHABU ULIYOILIPIA NAULI

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, huku kwetu Kahama na upande wa Nzega, wananchi walichoshwa na wezi wa ng'ombe wakaanzisha sungusungu. Mambo mengi yamesemwa juu ya sungusungu, mazuri na mabaya. Leo nataka uangalie adhabu yao moja tu. Mtu aliyekaidi alitengwa. Husalimiwi. Huazimwi jembe. Hugawiwi moto wa kupikia. Ukifiwa, huoni mtu. Unaishi katikati ya watu kama vile haupo. Na watu wazima, wanaume wenye ng'ombe wengi, walilipa faini haraka ili warudishwe kuwa watu miongoni mwa watu.

Umeona? Jambo ambalo wazee wetu waliliona ni adhabu kubwa, wewe umelilipia nauli! Hakuna anayekusalimia kwa jina, hakuna anayekuazima kitu, hakuna atakayejua ukiugua. Umejitenga mwenyewe, halafu unasema uko huru.

Mbona wazee hawa hawa walisafiri na hawakupotea? Karne ya 19, Wanyamwezi na Wasukuma walibeba mizigo kwa miguu hadi Bagamoyo, miezi njiani. Walikuwa wageni kila kijiji. Lakini walikuwa na utani. Wewe unaufahamu utani kwa kutupiana maneno tu. Kumbe ni zaidi ya hapo. Mtani ana haki ya kukucheka, kukusema mbele za watu, kukuchukulia kitu chako. Na huyo huyo mtani ana wajibu wa kukusaidia ukikwama, na kukuzika ukifa mbali na kwenu. Yaani walitafuta watu wa kuwajua. Walijua mgeni asiye na mtu wa kumcheka hana pia mtu wa kumzika.

SIKU 41 CHINI YA ARDHI

Tarehe 5 Oktoba 2015, mgodi wa wachimbaji wadogo wa Nyangalata, Kahama, ulititia. Wachimbaji sita walibaki chini, njia imeziba. Walikaa gizani wakila wadudu na mizizi, wakinywa maji yaliyochuruzika. Mmoja wao alikufa humo. Wengine watano walitolewa wakiwa hai tarehe 15 Novemba. Siku arobaini na moja! Nchi nzima ilishangaa.

Kijana, tuliza moyo, ufikirie. Ingekuwa wewe uko kule chini, nani huku juu angehesabu na kuona mmoja hayupo? Nani angesema, "Hapana, fulani alishuka, mimi nilimwona, bado hajatoka"? Wangempigia nani simu? Wangesema wanamtafuta nani? "Kigoma"? "Dogo"? Kina Dogo wako wangapi katika machimbo haya?

Dhahabu yenyewe imeshapata mahali pa kujulikana. Mwaka 2019 lilifunguliwa soko la dhahabu Geita. Inapimwa kwenye mizani, inaandikwa kwenye karatasi, inajulikana ni ya nani. Wewe uliyeichimba huna hata mtu mmoja anayejua jina la baba yako. Kipi kina thamani, bwana, jiwe au wewe?

USIYEMJUA NI RAHISI KUMUUZA

Kuna upande wa pili, nao unatisha zaidi. Asiyejulikana hujifunza pia kutojua. Anaishi na watu kama anavyoishi na miti. Na mtu asiye na jina, ni rahisi kumwibia, kumdanganya, kumtupa.

Kuanzia miaka ya 2007 hivi, Kanda ya Ziwa, Shinyanga na Geita zikiwemo, tuliona watu wenye ualbino wakiuawa na kukatwa viungo. Waganga waongo waliwadanganya watu kwamba viungo hivyo huleta bahati ya madini na uvuvi. Walioshiriki walikuwa binadamu kama sisi, wenye mikono kama yetu. Wangewezaje? Kwanza ilibidi macho yao yaache kumwona mtu. Waone mali. Wewe utasema, "Mimi siwezi kufika huko." Vizuri. Lakini njia ya kufika huko inaanzia mahali padogo: pale unapokaa mwaka mzima na jirani bila kujua jina la mtoto wake. Ukimjua kwa jina, ukila naye ugali, hakuna mganga atakayekuambia mkono wake una bei gani!

YUSUFU NAYE ALIFIKA MJI WA UGENI

Hata kama hujawahi kuingia kanisani, kisa hiki unaweza kukisikiliza. Yusufu aliuzwa na ndugu zake kwa vipande ishirini vya fedha, akapelekwa Misri. Kule hakuna aliyemjua. Mke wa tajiri wake alimtaka, nyumba ikiwa haina mtu. Nani angeona? Yakobo alikuwa mbali, tena alidhani mwanawe amekufa. Yusufu alikataa. Jina lake hakuliacha njiani.

Lakini jambo kubwa zaidi lilikuja baadaye. Ndugu zake walikuja kununua nafaka, hawakumtambua. Amevaa Kimisri, ana jina la Kimisri, anasema nao kwa mkalimani. Angeweza kunyamaza maisha yake yote. Tena alikuwa na sababu, maana hao ndio waliomtupa shimoni! Aliwapima kwanza, aone kama wamebadilika. Kisha akashindwa kujizuia, akalia kwa sauti, akawaambia yeye ni nani. Mtu mkubwa wa Misri, mwenye chakula na mamlaka, aliona hajakamilika mpaka ajulikane.

"LAKINI WAKINIJUA WATANIOMBA HELA!"

Ndiyo, wataomba. Sikudanganyi. Nyumbani wakipata namba yako, watapiga: mdogo wako ada, shangazi dawa. Jirani akikujua ataomba chumvi, kesho mkaa. Kujulikana kuna gharama, na siku nyingine utajibu "sina" na itakuwa kweli, na hilo si dhambi. Lakini angalia hesabu. Kila mtu mwenye haki ya kukuomba ni mtu unayeweza kumlilia. Usiyedaiwa na yeyote, wewe pia humdai yeyote. Siku ya homa, siku ya duara kutitia, siku ya kukamatwa kwa kesi isiyo yako, ndipo utakapoijua bei ya huo uhuru.

BASI UFANYE NINI?

Usingoje kupata dhahabu kwanza. Anza wiki hii.

Mwambie jirani yako jina lako lote, la kwako na la baba yako. Muulize la kwake.

Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa au kitongoji, ujitambulishe. Usisubiri kwenda siku una shida ya barua.

Kabla ya kushuka duarani, mwachie msimamizi na mwenzako mmoja namba ya mtu wa nyumbani. Na wewe chukua ya kwao.

Mama ntilie uliyemkwepa, mrudie. Kama huna hela yote, mpe uliyo nayo. Atakusema mbele za watu. Mwache akuseme! Anayekusema amekukumbuka.

Halafu piga simu nyumbani. Kama nyumbani hapafai, mpigie mmoja tu anayekupenda, dada au mwalimu wako wa zamani. Sema: "Ni mimi. Niko Geita. Mzima." Maneno hayo machache yanaweza kumlaza mama usingizi ambao hajaupata tangu ulipoondoka.

Kijana mwenzangu, mji huu ni mkubwa na utakumeza ukikubali kumezwa. Uhuru ni kuweza kusema jina lako mahali popote bila kuangalia nyuma, na kujua kuna mtu akilisikia ataitika. Je, leo hapo ulipo, ukiita, nani ataitika? Na jirani akiita usiku wa leo, wewe utaitika?

Amua sasa. Ukimaliza kusoma, usiitupe karatasi hii. Mpe kijana mwenzako, na kabla hujampa, muulize jina lake.