TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 24: Mwaka wako ulikuwa mzuri au mbaya?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ndugu zangu waumini, na nyote mnaotufuatilia humu, tumo ndani ya kumi la mwisho. Kila mwaka tukifika hapa mtu huanza kuangalia nyuma. Ramadhani iliyopita nilifuturu na nani? Nilikuwa nafanya kazi gani? Nani alikuwa anasimama pembeni yangu kwenye tarawehe, na leo yuko kaburini?

Siku hizi wengi mnanisimamisha pale nje tukitoka kuswali, na maneno mnayoniambia ni ya aina mbili. Mmoja ananiambia, "Ustadhi, mwaka huu Mungu kaniona." Huyo amepata kazi, au ameoa, au nyumba yake imefika kwenye bati. Mwingine anasema kwa sauti ya chini, "Ustadhi, sijui nimemkosea nini Mola wangu." Huyo mtaji umekufa, au kaachika, au kamzika mtu wake.

Leo naomba tuyatazame maneno haya mawili. Yanasikika kama maneno ya kawaida, tena ya mtu mwenye imani, maana wote wawili wanamtaja Mwenyezi Mungu. Lakini Qur'ani imeyataja, na haikuyakubali.

Fungueni Suratul Fajr. Watoto wetu wa madrasa wanaihifadhi mapema tu, imo kwenye Juzuu Amma. Aya ya 15 na ya 16 zinamweleza binadamu alivyo. Mola wake akimjaribu kwa kumpa neema, anasema Mola wangu amenitukuza. Akimjaribu kwa kumpunguzia riziki, anasema Mola wangu amenidhalilisha. Halafu aya ya 17 inaanza na neno moja zito: kallaa. Yaani hapana, sivyo hivyo.

Angalieni vizuri. Hapana hiyo haimwendei mwenye huzuni peke yake. Inawaendea wote wawili. Aliyefurahi ameambiwa hapana, na aliyelia ameambiwa hapana. Kosa lao ni moja. Kila mmoja anauchukulia mwaka wake kama cheti cha matokeo: mimi nimefaulu kwa Mungu, mimi nimefeli. Na zote mbili, kupewa na kunyimwa, aya imeziita kwa jina moja: mtihani. Sasa mimi ni mwalimu, nawaambieni, karatasi ya mtihani siyo matokeo. Ukipewa karatasi yenye maswali mepesi hujafaulu bado, na ukipewa yenye maswali magumu hujafeli bado.

Tuangalie mlima wetu huu wa Uluguru. Upepo wenye unyevu unatoka Bahari ya Hindi, unagonga upande wa mashariki, unapanda, unapoa, unamwaga mvua. Ndiyo maana ukienda Kinole na Tawa kila kitu ni kijani, na miteremko ya juu ya upande ule hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Upepo ukivuka kilele unashuka ukiwa mkavu. Huku mjini kwetu mvua haifiki hata nusu ya hiyo, na ukienda Melela unakuta watu wanahesabu mawingu. Je, kuna mtu wa kusimama hapa akasema Mwenyezi Mungu anawapenda watu wa Kinole kuliko watu wa Melela? Hakuna. Tungemcheka. Lakini jirani akipata na sisi tukikosa, hesabu ile ile tuliyoicheka ndiyo tunayoifanya kuhusu nafsi zetu.

Na hata mvua yenyewe hairuhusu hesabu hiyo. Kumbukeni mwaka 2024. Tuliswali Idd tarehe 10 Aprili, mvua ikaendelea. Tarehe 25 Aprili Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akalieleza Bunge kwamba mvua zile zimeua watu 155 nchini na kuathiri zaidi ya watu 200,000. Mkoa wetu ulikuwamo. Sasa mvua tunayoomba ijaze Bwawa la Mindu tupate maji ya kutawadhia, na mvua inayobeba godoro na madaftari ya mtoto wa mtu, ni mvua ya masika ile ile. Hazikuja mvua mbili, moja ya wapendwa na nyingine ya waliokasirikiwa.

Miezi miwili haikuisha. Ijumaa ya tarehe 14 Juni 2024 treni ya SGR ikaanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro. Tulifurahi, na ni haki kufurahi. Lakini tujiulize: abiria aliyepanda treni leo, jana alikuwa anapanda nini? Alikuwa kwenye basi, na basi lile lilikuwa na dereva, na kondakta, na mama anayeuza maji dirishani. Siku moja hiyo hiyo inaweza kuwa mwanzo wa riziki kwa mmoja na mwanzo wa dhiki kwa mwingine, na wote wawili wameswali Alfajiri safu moja.

Mtu anaweza kusema, "Ustadhi, basi tusifurahi wala tusilie?" La, sivyo. Mtume wetu, rehema na amani zimfikie, alifiwa na mwanawe mdogo Ibrahim, na alitokwa na machozi mbele ya masahaba. Akawaeleza kwamba jicho linalia na moyo unahuzunika, lakini ulimi hausemi isipokuwa linalomridhisha Mola. Kulia hakuna ubaya. Na siku ile ile Ibrahim alipofariki, jua likapatwa. Watu wakaanza kusema jua limepatwa kwa sababu ya kifo cha mtoto wa Mtume. Fikirieni. Baba mwenye msiba, na watu wanamwambia mbingu nzima imeingia kwenye msiba wako. Nani angekataa? Yeye alikataa. Aliwafundisha kwamba jua na mwezi ni ishara mbili katika ishara za Mwenyezi Mungu, hazipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Kama kiumbe bora kuliko wote hakukubali mbingu isomwe kama habari inayomhusu yeye, mimi na wewe ni nani hata tusome bei ya nyanya kama barua ya mapenzi au ya hasira kutoka kwa Mola wetu?

Kuna swali lingine, na ni la haki. Aliyesoma atasema, mbona Suratush Shura aya ya 30 inatueleza kwamba misiba inayotupata ni kwa yale yaliyochumwa na mikono yetu, na kwamba Yeye husamehe mengi? Ni kweli. Wala aya hizi hazigombani. Mtu aliyejenga njiani pa maji, mtu aliyekata miti juu ya mlima mpaka udongo ukashuka na mafuriko, ana la kujiuliza. Lakini aya ile ni kioo cha kujitazamia mwenyewe, siyo tochi ya kummulikia jirani. Nikipatwa mimi, nijichunguze, nitubu, nirekebishe. Akipatwa mwenzangu, kazi yangu ni kwenda na jembe, maji na pole.

Sisi watu wa Morogoro tunalijua hili kwa uchungu. Tarehe 10 Agosti 2019 pale Msamvu, Idd ya kuchinja ikiwa mlangoni, lori la mafuta lilipinduka, watu wakaenda kuchota, likalipuka. Walikufa zaidi ya watu 100. Kabla makaburi hayajakauka, wapo watu, wengine mbali kabisa na hapa, waliokuwa wameshatoa hukumu: wale walikuwa wanaiba, wamelipwa. Jamani. Nani aliwapa kalamu ya kuandika matokeo ya wenzao? Aliyekimbilia mafuta ya kuuza apate hela ya kula, Mola wake anamjua. Aliyekuwa anapita tu, Mola wake anamjua. Walioachwa, mayatima na wajane, ndio tulioachiwa sisi. Huo ndio uliokuwa mtihani wetu.

Na hapo ndipo sura yenyewe inapotupeleka. Baada ya kusema hapana, Suratul Fajr haisemi, "Basi nawaelezeni kwa nini huyu kapewa na yule kanyimwa." Haielezi kabisa. Inageuza swali. Kuanzia aya ya 17 hadi ya 20 inasema kwamba nyinyi hamumkirimu yatima, wala hamhimizani kumlisha masikini, mnakula mirathi kwa pupa, na mnapenda mali kupita kiasi. Mmeona? Binadamu anasema, "Mola wangu kanifanyia hivi." Qur'ani inamjibu, "Na wewe, yatima umemfanyia nini?" Binadamu anahesabu alichopokea. Qur'ani inahesabu kilichopita mikononi mwake kwenda kwa wengine.

Na mifano yake haiko mbali. Mtu amezikwa, arobaini haijafika, watu wameshaanza kulipima shamba lake kwa macho. Mjane anaambiwa atulie, mambo ya ukoo hayo. Watoto wanahamishwa shule kimya kimya. Mwisho wa mwaka, huyo aliyelichukua shamba ndiye anayesema, "Alhamdulillah, mwaka huu Mungu kanifungulia." Amefunguliwa nini? Aya ya 19 inazungumza naye.

Niseme kidogo la kwangu, kwa sababu mtu asije akadhani nazungumza nikiwa kivulini. Mwaka huu Shawwal nilimzika mama yangu mzazi huko Kinole, kwenye matope, mvua inanyesha. Mwaka huu huu, mwezi wa Dhul Hijja, binti yangu alijifungua salama mtoto wake wa kwanza. Nifanye hesabu gani hapo? Mjukuu mmoja kutoa mama mmoja, jibu ni ngapi? Hakuna jibu. Furaha ile haikuufuta msiba, wala msiba haukuila furaha. Nimekaa na vyote viwili kwenye chumba kimoja.

Lakini nikiuliza kama sura inavyouliza, majibu yanapatikana. Siku ya mazishi, vijana wa bodaboda ambao kwenye mabaraza yetu tunawasema kila siku ndio waliopandisha wazee wetu kwenye ile njia ya utelezi, safari baada ya safari, na wakakataa hela. Kwa hiyo nina deni kwa vijana wale. Hilo nimeliandika. Na binti yangu alipojifungua salama, kitanda cha jirani yake kulikuwa na mama ambaye hakurudi nyumbani na mtoto. Je, furaha yetu ilimfikia kwa chochote, hata uji? Hilo nalo nimeliandika, na mtu wa kumwendea namjua. Sasa mwaka wangu una kazi ndani yake, haukubaki na alama tu.

Basi ndugu yangu, dada yangu, Sayyidna Umar, Allah amridhie, amepokewa akituusia tujihesabu wenyewe kabla hatujahesabiwa. Leo baada ya futari, au kabla ya kisimamo, chukua karatasi. Usichore mstari katikati ukaandika mazuri huku na mabaya huku. Hilo ni daftari la duka. Andika matukio matano makubwa ya mwaka wako, ya raha na ya shida yote pamoja. Mbele ya kila moja jiulize maswali matatu:

1. Nilipopewa hiki, nani mwingine alikula?

2. Nilipokosa hiki, nani niliyemwangushia hasira yangu? Mke, mume, mtoto, mfanyakazi wa ndani? Nimeshamwomba radhi?

3. Katika mwaka huu, mtaani kwangu nani amekuwa yatima, nani amekuwa mjane, na mimi nimefika mlangoni kwake mara ngapi?

Swali la tatu lina haraka. Zakatul Fitri iko karibu, na imewekwa ili masikini naye apate chakula siku ya Idd. Usisubiri usiku wa kuamkia Idd ndiyo uanze kuuliza majina. Wewe uliyesema mwaka huu Mungu kakuona, sema alhamdulillah, halafu utafute aliko yatima wako. Nawe uliyesema hujui umemkosea nini Mola wako, inua kichwa. Hujatupwa. Mtume wetu alimpoteza Bi Khadija na ami yake Abu Talib katika mwaka mmoja, akaenda Taif wakampiga mawe mpaka akatoka damu. Maulamaa wameuita Mwaka wa Huzuni. Hakuna Muislamu anayesema Mola wake alimdhalilisha mwaka ule. Na wewe usijisemee hivyo. Swali lako la mtihani ni gumu, na hata aliyefiwa na aliyefilisika ana kitu mkononi: neno zuri, dua, nusu ya tende.

Ya Allah, tulichofurahia mwaka huu usikifanye kuwa sababu ya kiburi chetu, na kilichotuliza usikifanye kuwa sababu ya kukata tamaa na rehema Yako. Warehemu waliotutangulia, wa mafuriko, wa Msamvu, na wa majumbani mwetu. Tujaalie tuwe miongoni mwa wanaomkirimu yatima. Tufikishe kwenye Laylatul Qadri, na mwakani tufikishe tukiwa na kitu cha kukuonyesha. Amin.

Wabillahi tawfiq. Tukutane kwenye kisimamo. Mwenye kujua familia yenye yatima au mjane mtaani kwake, alete jina kwa kamati ya msikiti kabla ya siku ya 27.