Ridhaa ya Mgonjwa

Aulizwapo mtu wa pwani hali yake, ulimi hutangulia fikra: "Alhamdulillahi." Hata aliyelazwa mwezi wa tatu husema hajambo, kwani maamkizi ya Kiswahili hayana mlango wa malalamiko. Basi ajapo mtu na karatasi kumuuliza mgonjwa iwapo ameridhika na anavyouguzwa, swali humkuta katika adabu ileile, naye hushukuru. Karatasi huandikwa: ameridhika.

Je, huo ni ushahidi wa uuguzi mwema, au wa subira ya anayeugua?

Daktari Avedis Donabedian, alipoandika mwaka 1966 juu ya kupima ubora wa tiba, aliihesabu ridhaa ya mgonjwa miongoni mwa matokeo ya tiba, lakini akaonya kuwa ni vigumu kuipima. Mwaka 2002 Amartya Sen aliwakumbusha matabibu jambo la ajabu kutoka India: watu wa Kerala, walioishi umri mrefu kuliko wenzao, ndio waliojieleza kuwa wagonjwa zaidi, wale wa Bihar, ambako umri ulikuwa mfupi, walilalamika kidogo mno. Aliyezoea kukosa hujifunza kutotaka.

Kwa mwenye maradhi ya kudumu lipo zito zaidi ya mazoea. Mgonjwa wa homa hutibiwa akaenda zake, na akishatoka aweza kusema alitakalo. Lakini ambaye figo zake zimekufa huunganishwa na mashine ya kusafisha damu, kwa kawaida mara tatu kwa wiki, yapata saa nne kila mara. Kwa mwaka ni zaidi ya mara 150. Mkono umchomao sindano leo huenda ndio utakaomchoma keshokutwa. Nani atautia kasoro mkono huo?

Hata hivyo, kusema kwamba shukurani zake zote ni za woga ni kumdhulumu mara ya pili. Ajuaye kuwa hatapona hana matumaini ya kudanganywa nayo. Aweza kuridhika, tena kwa haki, kwa sababu shuka lilibadilishwa kabla hajaomba, au kwa kuwa aliitwa kwa jina lake na si kwa namba ya kitanda. Kiswahili kimetenga kuridhika na kuridhia (japo wengi huyachanganya). Anayeridhika amepata, anayeridhia amekubali tu, pengine kwa kukosa pa kwenda. Karatasi haina nafasi ya kutofautisha, na ndipo jibu la kweli linapopotelea.

Labda aulizwe jingine: usiku wa jana, ulipoita, alikuja nani, na ulingoja muda gani? Hapo "Alhamdulillahi" haitoshi kuwa jibu. Na akinyamaza, yupo jamaa yake aliyelala juu ya mkeka kando ya kitanda. Naye alikuwa macho.