Sanduku Lenye Tundu

Somo: 2 Wafalme 12:4–15, 2 Nyakati 24:8–14



Wiki hii nazungumza habari ya pesa, na nitaitaja kwa jina lake. Tangu tutangaze mchango wa kituo cha vijana nimeulizwa maswali mlangoni, nimeulizwa kwenye simu, na mzee mmoja alinishika mkono pale Marikiti nikiwa nimebeba mfuko wa nazi. "Mchungaji, ile harambee ya zamani ilifikia wapi?" Ni swali zuri, wala asiaibike aliyeuliza. Limo ndani ya Biblia, na huko aliyeliuliza ni mfalme.

Yoashi alikalia kiti cha enzi akiwa mtoto wa miaka 7. Baadaye akaona nyumba ya Bwana imebomoka mahali mahali, akawaagiza makuhani wapokee fedha za watu, kila mmoja kwa wale anaowajua, watengeneze palipo na ufa. Makuhani wakapokea. Ukifika mstari wa 6, ni mwaka wa 23 wa utawala wake, na hakuna ufa uliozibwa. Hata mmoja!

Angalieni jambo hili. Biblia haisemi makuhani waliiba. Nimeutafuta wizi katika mlango ule na haumo. Kilichotokea ni kile ambacho sisi tuliosomea biashara tunakijua: pesa isiyo na mfuko wake huliwa na mfuko ulio karibu nayo. Leo mafuta ya taa za hekalu, kesho mgeni amekuja, kesho kutwa kuhani ana shida nyumbani. Hakuna mwizi, lakini ufa uko pale pale, na mwenye kutoa anachoka. Watu wakiacha kutoa tunawaombea roho ya uchoyo iwatoke, kumbe wao wanangoja tu kuona ukuta.

Sasa Yehoyada kuhani akafanya nini? Hakufunga siku 40. Alichukua sanduku, akatoboa tundu kwenye kifuniko, akaliweka kando ya madhabahu, upande wa kulia mtu anapoingia, mahali pa wazi. Likijaa, wanakuja watu wawili, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu. Ofisi mbili tofauti, si ndugu wawili wa nyumba moja. Wanahesabu pamoja, wanafunga kwenye mifuko, na pesa inakwenda moja kwa moja kwa wasimamizi wa kazi, wakawalipe maseremala, waashi na wakata mawe, wanunue mbao. Mwandishi anaongeza kwamba pesa hiyo haikutengeneza mabakuli ya fedha wala tarumbeta. Mnaelewa? Kwa lugha yetu ya leo: hakuna fulana, hakuna bango, hakuna hema la wageni wa heshima na pilau lake. Yale mapambo, 2 Nyakati inatuambia, yalikuja baada ya kazi kuisha, kwa chenji iliyobaki.

Najua kuna mtu atanionyesha mstari wa 15, kwamba wasimamizi wale hawakudaiwa hesabu kwa kuwa walikuwa waaminifu. Nimeusikia mstari huo ukitumiwa na waweka hazina wasiopenda kufungua buku. Ndugu yangu, rudi nyuma mistari michache. Pesa ilihesabiwa na watu wawili kabla ya kutoka, na ukuta ulikuwa unapanda mbele ya macho ya watu. Uaminifu wao ulionekana kwenye jiwe.

Tuje mtaani. Nyufa za Bondeni huonekana saa nne ya asubuhi. Siku ya kazi tembea kutoka Abdel Nasser ukaingie ndani ndani, uhesabu vijana walioketi maskani. Wengine shavu limejaa muguka, ile ambayo kaunti ilijaribu kuipiga marufuku Mei 2024 na kesi ikaenda kortini. Wengine wamefika kwenye unga, na mama zao tunaomba nao hapa kwenye kesha. Lakini si kila aliyekaa maskani ni mhuni. Yuko aliyeacha shule darasa la sita kwa sababu nyumbani mchukuzi wa mkokoteni ni yeye. Yuko msichana aliyepata mimba, akajifungua, akaona haya kurudi kukaa na wadogo zake darasani. Yuko aliyemaliza kidato cha nne akapata D, na tangu siku hiyo nyumbani anaitwa mpoteza karo. Huyo wa mwisho ndiye anayeniuma zaidi, kwa sababu ana uwezo wa kusoma, kuandika na kupiga hesabu, na kazi yake ni kulinda ukuta usianguke.

Kituo tunachokichangia, kile ambacho jina lake limepigwa chapa kwenye bahasha zenu, kinawachukua hao. Asubuhi ni kusoma na hesabu kwa walioacha mapema. Mchana ni kazi ya mikono: useremala, ushonaji, kuchomelea vyuma, nyaya za stima, nywele. Mwisho wake mwanafunzi anakalia mtihani wa NITA, gredi ya tatu, na akifaulu anakuwa na cheti ambacho mwenye kazi kule Shimanzi au Changamwe anakitambua. Nimekwenda, nimekaa nao mchana mzima. Mlango wa kutokea ndipo penye shida. Kijana anajifunza kazi mpaka anaijua, halafu ada ya mtihani inamshinda. Au anapata cheti na hana hata randa ya kuanzia. Anarudi maskani akiwa fundi. Kwa hiyo mchango wetu hautajenga chochote wala kupaka rangi. Utalipa ada ya mtihani na vifaa vya kwanza, basi.

Watu wakisikia "elimu mbadala" wanadhani ni elimu ya walioshindwa. Serikali ina sera yake tangu 2009, lakini kanisa lilitangulia. Mwaka 1966 Baraza la Kikristo la Kenya, tunaloliita NCCK leo, lilitoa ripoti iliyouliza swali jepesi: baada ya shule, nini? Watoto walikuwa wakimaliza shule ya msingi na sekondari hazina nafasi. Kutokana na swali hilo vikaanza vyuo vya ufundi vya vijijini, na leo Katiba ya 2010 imeviweka mikononi mwa kaunti. Wale hawakuanza na jengo kubwa.

Na sisi Wapentekoste, ambao swali letu la kwanza kwa mtu ni kama amejazwa Roho, tusome Kutoka 31. Bezaleli anajazwa Roho wa Mungu, na kazi anayopewa ni kuchonga mbao, kukata vito na kufua dhahabu. Hakupewa kipaza sauti. Rudi mpaka 28:3, pale ni mafundi wa kushona. Kwa hiyo, mama, binti yako akikwambia anataka cherehani, usimkemee kama mtu aliyeota ndoto mbaya.

Nifike penye moto. Kwenye ushirika wa wanaume niliulizwa, "Lakini kule kituoni, wengi si watoto wa Kiislamu?" Ndiyo. Hapa ni Bondeni, ulitaka wawe watoto wa wapi?

Chukua tuktuk mpaka Tudor, usimame pale langoni kwa TUM. Chuo kile kilianza kama taasisi ya elimu ya Waislamu, wazee wakiita MIOME, na wanafunzi wa kwanza waliingia 1951. Pesa za kukianzisha zilichangwa. Alitoa Sultani wa Zanzibar, Khalifa bin Haroub, alitoa Aga Khan, Mabohora wakatoa, na serikali ya Uingereza nayo ikatia mkono. Lengo lilikuwa vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki wapate ufundi. Mwaka 1972 ikawa Mombasa Polytechnic, na 2013 ikawa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Leo langoni haulizwi mtu dini. Niliposema haya Jumapili niliwaomba waliosoma Poly wainue mikono, na mliona wenyewe. Nyaya zinazowasha spika na kinanda tunachochezea zilifungwa na ndugu aliyesomea pale. Yaani tumekula mezani kwa jirani miaka yote hii, halafu imefika zamu yetu ya kupika tunauliza mgeni anaswali wapi?

Wagalatia 6:10 huwa tunausoma kuanzia nusu ya pili, pale penye watu wa nyumba ya imani. Nusu ya kwanza ni watu wote.

Kulikuwa na pendekezo kwamba mtoto akihudhuria ibada kadhaa ndipo alipiwe. Wazee wamelikataa na mimi nasimama nao. Injili naihubiri kila wiki bila kificho, hata jirani zetu wa msikitini wanaisikia kupitia dirisha. Ada ya mtihani isiwe ndoana. Kijana atakayekuja kwa Yesu kwa sababu ya ada ataondoka siku ya cheti, na mama yake atakuwa amejifunza kutuogopa.

Na habari ya mheshimiwa. Ndiyo, lilikuja wazo la kualika mgeni rasmi aje na gunia. Mnakumbuka Julai 2024 Rais aliwakataza maafisa wa serikali kushiriki harambee, na Novemba mwaka huo huo Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi likarudisha pesa za wanasiasa zilizotolewa Soweto. Mimi si Mkatoliki, lakini siku ile niliwapigia makofi. Pesa ya gunia ina mdomo, na ikishaingia kanisani itataka kusema.

Tufanye hesabu yetu ndogo. Watu 200 wakitia shilingi 50 kila Jumapili, ni 10,000. Kwa Jumapili 52 ni 520,000. Sijasema mtu auze kiwanja. Nimesema hamsini, ile unayomwachia konda kwa kuwa umechoka kumdai chenji. Anayeweza zaidi atie zaidi, na asiye nayo asikope ili aonekane. 2 Nyakati inasema watu walitia kwa furaha mpaka likajaa, na hakuna palipoandikwa kwamba majina yao yalisomwa.

Sanduku litawekwa mkono wa kulia unapoingia, kuanzia Jumapili hii. Lina kufuli mbili. Ufunguo mmoja uko kwa mweka hazina wetu, wa pili uko kwa mwalimu wa kituo, ambaye si mshirika wa kanisa hili, na halifunguki bila wote wawili. Litafunguliwa Jumapili ya mwisho ya kila mwezi baada ya ibada, mbele ya yeyote atakayebaki. Kiasi kitabandikwa mlangoni jioni hiyo hiyo, pamoja na risiti za ada na vifaa. Majina ya vijana hayatabandikwa. Fungu la kumi lina bahasha yake, msilichanganye humu. Na mwenye randa, patasi, msumeno au cherehani iliyolala nyumbani, ailete hata kama ina kutu. Vijana wa useremala wamesema watajifunzia kuisafisha. Vifaa vinapokelewa ofisini Jumatano na Ijumaa, kabla ya maombi.