Nakala na Utambulisho

Taswira ya kontena, yaani kifurushi kisichobadilika kinachobeba programu na vyote inavyovitegemea, hujengwa tabaka juu ya tabaka kwa kufuata faili la maagizo, na hutambuliwa kwa alama ya kihesabu inayotokana na yaliyomo, si kwa mahali ilipo. Hivyo nakala iliyoko Kasongo na iliyoko Kabambare, miji ya Maniema mashariki mwa Kongo, zikiwa na alama moja, ni taswira moja.

Je, mji nao hutambuliwa hivyo? Kasongo ya mfanyabiashara Tippu Tip, iliyotekwa mwaka 1893, ilibaki mahali paitwapo Tongoni, na jina likahamia kwingine. Kwa kigezo cha alama, kinachotazama yaliyomo wala si jina, hii ni miji miwili. Lakini kigezo hicho (kinachowatosha wahandisi) hakioni Uislamu na Kiswahili vilivyoendelea kuishi huko Maniema, navyo havikuwahi kuwa taswira, bali utendaji wenyewe, kama programu inapoendeshwa.