Shimo Lionekanalo Jepesi

Katika bonde la Kitante mjini Kampala, baina ya vilima vya Kololo na Nakasero, upo uwanja wa gofu. Atazamaye kutoka barabarani huona bendera iko karibu na majani yamekatwa vizuri, akasema hata mtoto angeufikisha mpira pale. Mchezaji naye huamini hivyo, kisha mteremko humpokonya mpira. Twasema shimo limemhadaa. Lakini ardhi haikuahidi kitu. Lililoahidi ni jicho lake.

Lililo zito kwetu ni lile lifuatalo. Katika gofu, kwa kawaida, hapana mwamuzi wa kumwandama kila mchezaji. Kila mtu hutaja mwenyewe idadi ya mapigo yake. Aliyeshindwa na shimo gumu hutaja 7 bila haya. Aliyeshindwa na shimo jepesi huona aibu, na ulimi humwasha kutaja 5. Kwa maoni yetu, basi, shimo hili hupima ukweli kuliko ustadi.

Nasi walimu tunalo letu. Mwanafunzi mmoja alituuliza kwa nini ukuta huwa kuta, ilhali uzi huwa nyuzi. Swali dogo! Tulibuni kanuni papo hapo, tukaiandika ubaoni, na darasa zima likainakili.