Mkosaji Afukuzwe au Asuluhishwe?

Mwanafunzi aliyempiga mwenzake akisimamishwa masomo, hushinda wapi? Hapa Arusha, pengine stendi. Na aliyepigwa hajaombwa radhi. Waarusha wa miteremko ya Mlima Meru tangu zamani huketi kikao: wazee wa rika na wa ukoo huwasikiliza wote wawili, kisha fidia hutolewa. Kurani Tukufu, katika Sura Ash-Shura, yaruhusu ubaya ulipwe kwa kadiri yake, lakini yamwahidi ujira kwa Mwenyezi Mungu asameheye na kusuluhisha. Liangalie neno hilo la pili! Basi mwalimu amwite mkosaji mbele ya wazazi, akiri, alipe, arudi darasani. Na mkosewa asipotaka kuketi naye? Asilazimishwe, haki ni yake.